Mlalamikaji Mmoja

Kasoro ya kwanza kwenye orodha yetu ilikuwa rangi ya nembo. Watu mia mbili na kumi walilalamika kwamba haipendezi. Yangu ilikuwa ya arobaini na moja, mlalamikaji mmoja, naye ni mama yangu mkubwa, ambaye wiki ile alianguka bafuni kwa kumeza dawa za presha mara mbili.

Kazi yangu ni kuijaribu programu ya simu kabla toleo jipya halijatoka, nione inaharibikia wapi. Hii yetu inawakumbusha wagonjwa dawa. Saa ikifika inalia; ukishameza, unabonyeza kitufe cha "Nimemeza". Usipobonyeza, inakuambia tena umeze. Sasa ukikuza herufi, kama wanavyofanya wazee wenye macho mabovu, kitufe hicho kinasukumwa chini nje ya kioo, hukioni tena. Mama mkubwa alimeza, akakitafuta, akakikosa, akaambiwa ameze. Ni mtu mtii, akameza.

Toleo jipya lilikuwa linatoka Ijumaa, na zingerekebishwa kasoro thelathini za juu tu. Jumatano nikaingia kikaoni damu inanichemka.

"Tuna utaratibu," alisema meneja wetu, tunayemwita Bwana Tarehe kwa sababu hana neno jingine mdomoni. "Inayolalamikiwa na wengi inatangulia. Wewe unatuletea shangazi yako."

"Mama mkubwa."

"Haya, mama mkubwa. Ni mmoja, dada. Mmoja kati ya watumiaji elfu sitini."

Wenzangu wakacheka chini chini. Nilikasirika, sifichi. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tulikuwa tunalipanga mbele ya foleni. Nikakuza herufi kwenye simu ya majaribio, nikamsogezea.

"Basi lalamika na wewe, tuwe wawili."

Akaichukua kwa dharau. Akapapasa kioo juu, chini, akailaza ubavu. "Pa kulalamikia ni wapi?"

"Chini ya 'Nimemeza'. Huko huko kusikoonekana. Mama mkubwa alinilalamikia mimi, jikoni kwake, ana plasta kwenye paji la uso, nikamwandikia. Wengine hawana mtoto hapa ofisini wa kuwaandikia."

Aliendelea kuitazama ile simu.

"Mama yangu nilimkuzia herufi mwenyewe," alisema taratibu. "Mwezi uliopita."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Methali hiyo ilinifika ulimini, nikaimeza. Alikuwa keshatoka koridoni na simu yake sikioni, mlango ameuacha wazi.

Nikaenda ubaoni. Juu ya orodha paliandikwa "Wangapi wamelalamika". Nikafuta, nikaandika "Nani ataumia", nikaanza kuzipanga upya. Rangi ya nembo ilishuka hadi mwisho, na hakuna aliyecheka.

"Shikamoo mama," tulimsikia meneja akisema. "Leo umemeza mara ngapi?" Akasikiliza. "Hapana, mama, sikugombezi. Hujakosea wewe. Kaa chini kwanza, usisimame."