Mkia wa Kondoo Mferejini

Mwezi wa Novemba, Almaty hakuna hewa, kuna supu. Moshi wa makaa ya mawe hupanda kutoka mitaa ya chini ukaufunika mji kama kifuniko cha sufuria, na sisi waendesha baiskeli ndio nyama inayochemka humo. Majani yaliyolowa yamegandamana barabarani, yanateleza kama kamasi. Kamasi lenyewe, nikipenga, ni jeusi.

"Yerden, pua yako bomba la jiko," husema dada yangu Raushan.

Huyo Raushan ndiye aliyekuwa akichumbiwa, na wakwe walikuwa waje jioni hiyo. Kwetu pete ni pambo tu. Uchumba hufungwa kwa mafuta ya mkia wa kondoo na ini: pande zote mbili wale, wameze, yamekwisha. Anayetema, amekataa. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo wa kumeza kwa niaba ya nyumba yetu nilikuwa mimi.

Na mimi mafuta ya mkia siyawezi. Tangu utotoni. Yanatikisika kwenye sahani kama yanapumua. Ukiyatia mdomoni hayatafuniki wala hayayeyuki, yanakaa tu pale ulimini, ya uvuguvugu, kama ulimi wa mtu mwingine.

"Ukitapika mbele ya baba mkwe wangu," Raushan alinishika sikio, "nitakupika wewe."

"Utapata mafuta gani hapa? Mifupa mitupu."

"Sitanii, Yerden. Mzee Orazbai alivunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu mjomba wa binti alisukuma sahani. Alisukuma tu! Mimi na Sultangali tumengojana miaka mitatu." Macho yake yalikuwa yamelowa.

Mama akanituma sokoni. Mchinjaji akanipa mkia wa mwisho uliobaki, mkubwa kama mto wa kulalia mtoto, bado una joto. Nikautia kwenye mfuko, nikaufunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira. Ini nikalitia kwenye mkoba mgongoni, likawa linanidondoshea damu hadi kwenye soksi.

Kwetu kuna upande wa juu, kuliko na milima, na upande wa chini. Nyumba yetu iko juu. Maana yake unarudi ukikanyaga pedeli mdomo wazi, unakunywa moshi. Karibu na duka la mikate njia ya baiskeli ilikuwa imezibwa na magari, kama kawaida. Nikakwepa, gurudumu likapanda majani, puu! Mimi kwenye lami, mkia mferejini.

Masika mifereji yetu hupitisha maji ya theluji, safi kabisa. Novemba hupitisha majani yaliyooza, vichungi vya sigara, na kitu nilichoamua kuwa ni soksi. Mfuko ulikuwa umepasuka. Mkia umejilaza humo, mweupe, umejifunika majani, kama mheshimiwa aliye bafuni.

Bibi mmoja mwenye kikapu akasimama. "Kijana, unavua samaki?"

"Kondoo, bibi. Wa maji baridi."

"Mfereji huo! Mbwa wa jirani yangu anaukojolea kila asubuhi."

"Asante, bibi. Hilo ndilo nililokuwa nataka kujua."

Nitasema kweli: nilifikiria kuuacha. Bila mkia, hakuna kumeza. Lakini soko lilikuwa linafungwa, wakwe wako njiani, na Orazbai akikuta sahani tupu ataondoka na mwanawe. Nikapandisha mkono wa koti, nikauvuta kwa vidole viwili. Ukatoa sauti ya busu.

Nyumbani sikumwambia mtu. Nikauosha kwa maji moto na chumvi, nikaukwangua kwa kisu, nikauosha tena.

"Leo umekuwa msafi ghafla," alisema Mama, akisukuma unga. Nikauchemsha, nikaengua povu la kijivu huku nimegeuza uso, na harufu ikanifuata popote nilipougeuzia. Kisha nikaukata vipande vyembamba, nikachanganya na ini, nikamwagia mtindi.

Wakwe wakaingia. Mzee Orazbai, masharubu mazito, akaketi mahali pa heshima. Shangazi yetu Kulyash ndiye hulisha kwa mkono wake, kwa hiyo hapakuwa na ujanja wa kuficha kipande shavuni. Akamjaza mzee kinywa, akampaka mabaki mashavuni, watu wakacheka. Orazbai akatafuna polepole, amefumba macho.

"Mafuta haya! Yana kitu ndani yake. Kondoo huyu mlimnywesha nini?"

"Maji ya mlimani, mzee," nikasema.

Zamu yangu. Gumba la shangazi likanisukumia konzi nzima. Mlangoni Raushan ameshika birika la chai, kifuniko kinagongagonga. Masikioni mwangu yule bibi: kila asubuhi, kila asubuhi. Mafuta yakakaa juu ya ulimi, yakashuka kidogo, yakarudi kunisalimia. Mate yakajaa, yale mate ya chumvi yanayotangulia msiba.

Nikakumbuka mlima wa mwisho kabla ya kwetu, pale moshi unapokuwa mzito. Pale huvuti pumzi wala hutazami juu. Unakanyaga pedeli hii, halafu ile. Nikaacha kuvuta pumzi, nikakanyaga. Yakapita, yote, kama konokono aliyevaa viatu.

"Haya ndiyo mambo!" Orazbai akanipiga kofi la mgongo, karibu ayarudishe. "Tumekuwa ndugu! Tazameni, kijana analia kwa furaha! Kulyash, mwongeze, mwongeze!"

Kifuniko cha birika kilikuwa kimetulia. Raushan alikuwa anacheka na kulia pamoja, mkono mdomoni, na mkono wa shangazi ulikuwa unakuja, umejaa, unatikisika.

Nikafungua mdomo.