Shingo za Wasafiri

Hamdiya alirudi kutoka kijijini Yiti, alikokwenda kumzika shangazi yake, akazikuta picha zake tisa zimetundikwa sebuleni kwa kaka yake Sleyum. Tangu alipokuja nazo Maskati, mwaka 1964, hazijapata kutoka sandukuni. Zilikuwa picha za Kijapani, zimechapwa kwa mbao za kuchongwa, kila rangi na ubao wake, zikionyesha vituo vya barabara kuu ya kale: milima, mvua, daraja, wapagazi. Mumewe, Mahfoudh, alipewa na karani wa meli bandarini Unguja.

Alipozikaribia aliona wino. Kila msafiri kapigwa mstari shingoni, kwa rula.

"Nimekutengenezea," alisema Sleyum, uso umemkunjuka. "Hapa tunasali, na picha ya kiumbe haikai. Ukishamkata shingo, si kiumbe tena. Hata farasi sikuwasahau."

"Nani kakuruhusu kufungua sanduku langu?"

"Sanduku lako, nyumba yangu. Haya, nipe shukurani yangu."

Hamdiya aliisogelea picha ya daraja. Mpagazi wa tatu alikuwa amegeuka nyuma. "Huyu mimi, nakungoja wewe na mapochi yako," Mahfoudh alizoea kumtania. Alichukuliwa nyumbani Unguja Januari ya mwaka ule ule, siku za mapinduzi, hakurudi, na picha yake yeye mwenyewe haikubaki hata moja. Mstari ulimpita mpagazi barabara chini ya kidevu.

"Na yule, kaka?"

Juu ya mlango palikuwa na picha ya baba yao, kavaa joho na jambia, shingo yake nzima.

"Yule Baba!"

"Baba si kiumbe?"

"Hamdiya, usinitie madhambini."

Hamdiya aliichomoa kalamu mfukoni mwa kanzu ya Sleyum, akamnyooshea. "Mkate shingo."

"Una wazimu, we!"

"Huyu wa darajani Mahfoudh alikuwa akisema ndiye yeye. Sina mwengine. Umemkata hukuniuliza. Na wako mkate, nnakutazama."

Sleyum aliutazama mstari wake, akaitazama kalamu. Hakuipokea. Alipanda kitini, akaiteremsha picha ya baba yake, akaikumbatia na kuingia nayo chumbani.

Hamdiya alikivuta kiti kile kile, akaziteremsha zake tisa. Hakuchana hata ncha.

Ilipoadhiniwa magharibi, Sleyum alitoka chumbani kuja kusalisha. Kuta zote zilikuwa tupu. Dada yake alikuwa ametandika mswala wake uani, peke yake, sanduku liko ubavuni, limefungwa, na ufunguo kaufundika kwenye pindo la kanga.