Dirisha Kichwani mwa Kinyozi

Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa cha mchuuzi wa nguruwe, na alikuwa akipangusa wembe ili aanze wa kulia, kifafa kilipomwangusha. Alianguka kati ya kiti na ndoo, povu likamtoka. Wateja waliokuwa kwenye benchi walitoka mbio, maana kila mtu alijua kwamba povu la kifafa likikugusa nawe unaambukizwa. Wakaenda nyuma ya nyumba, wakateka maji ya kisima, wakanywa kupoza roho. Mchuuzi aliondoka na nusu kichwa chake.

Ilikuwa mara ya tatu. Kazi ya kinyozi ni kuaminiwa: mtu anakupa shingo yake na kufumba macho. Baada ya siku ile hakuna aliyetaka kufumba macho kwenye kiti kile. Dada yake mkubwa, aliyekaa naye hapo hapo pamoja na binti yake mdogo, aliambiwa na majirani kwamba mdogo wake karogwa. Wengine walisema anaadhibiwa kwa kula nguruwe kwa siri. Nguruwe mwenyewe kinyozi hakuwahi kumwonja tangu azaliwe.

Jumatano asubuhi alipovua kofia mbele ya kioo, kichwa chake kilikuwa kinaonyesha ndani. Kuanzia kwenye nyusi mpaka utosini palikuwa kama chupa iliyooshwa vizuri. Ubongo ulionekana umetulia, na vifuko vyeupe vimetapakaa humo, kila kimoja kama punje ya mchele uliolowekwa. Kinyozi hajinyoi, lakini kujiona anajiona. Alifuta paji la uso kwa kitambaa, akafungua duka.

Mchuuzi wa nguruwe alirudi kumaliziwa nusu iliyobaki, kwa kuwa alichoka kuchekwa. Kabla ya kukaa aliinama akachungulia kichwani mwa kinyozi, kama mtu aliye kazini.

"Hawa nawajua," alisema. "Nikitaka kununua nguruwe namlaza, nampanua mdomo kwa kijiti, navuta ulimi. Wakiwemo wanakaa hivi hivi, chini ya ulimi."

"Ukiwaona unafanyaje?"

"Nashusha bei."

"Halafu?"

"Halafu nawauzia wachoma nyama. Mwenye njaa hakagui ulimi. Ninyoe basi, bwana, jua linapanda."

Kinyozi alimnyoa. Wembe aliuvuta kwa nguvu kupita kiasi, na safari hii hakikuwa kifafa. Ilikuwa hasira tupu.

Dada alimpeleka hospitali. Daktari aliwasha tochi, akatazama kupitia paji la uso, akawaeleza bila kupaka mafuta. Anayekula nyama yenye vifuko ambayo haikuiva hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka na haja yake kubwa. Haja hiyo ikiachwa majanini, nguruwe huila na mvua huisomba mpaka kisimani. Atakayemeza mayai yale, ndiye watoto wa mnyoo wanayempanda kichwani.

"Kwa hiyo wewe hukula nguruwe," daktari alimwambia. "Umekula kinyesi cha aliyemla."

"Basi mpe dawa," dada alisema.

"Siwezi kabla ya picha ya kichwa. Lazima tujue wako wangapi na wamekaa wapi."

"Si hao unawaona! Mwenye macho haambiwi tazama!"

"Nawaona, mama. Lakini bila picha sipewi dawa. Mashine iko hospitali kuu, na imeharibika tangu mwaka juzi."

Vidonge vya kuzuia kifafa navyo vilikuwa vimekwisha. Wajaribu tena mwezi ujao. Kisha daktari akazima tochi, kwa sababu betri alizinunua mwenyewe.

Walirudi nyumbani wamefura kwa hasira. Nyumba ile waliyopanga ilikuwa na vyumba kumi na choo kimoja, na choo hicho mwenye nyumba alikuwa amekitia kufuli akisema shimo limejaa. Tangu hapo wapangaji walikwenda kwenye matete nyuma ya kisima, na nguruwe wa mwenye nyumba waliwafuata kwa adabu, wakisubiri zamu yao. Kinyozi alichukua nyundo, akavunja kufuli. Shimo lilikuwa tupu, refu, kavu. Juu yake zilitandikwa mbao, na juu ya mbao yalipangwa magunia ya pumba mpaka darini.

Mwenye nyumba alifika na kufuli kubwa zaidi.

"Pumba zikilowa, nguruwe watakula nini?" aliuliza.

"Na sisi tukanye wapi?"

Mwenye nyumba alitazama kichwa cha kinyozi, akatazama watu waliojazana dukani kuchungulia, wala hakuna hata mmoja aliyekuja kunyolewa. "Naona biashara imechangamka," alisema. "Kodi itapanda."

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hawakuiona nyumba ile. Pale nguruwe alikuwa na chakula chini ya kufuli na mtu wa kumkagua ulimi. Binadamu alikuwa na kofia. Bwana afya alikuja, akachungulia, akasifu jinsi panavyoonekana vizuri, akanywa soda kwa mwenye nyumba, akaenda zake. Wiki hiyo muuza mkaa wa chumba cha tatu alianza kuonyesha ndani kisogoni, na baada yake fundi viatu.

Siku ya kufungua shule, binti wa dada alikaa kwenye kiti. Wembe dada alikuwa ameshauficha, kwa hiyo kinyozi alitumia mashine, na dada alisimama nyuma yake amemshika kiwiko.

"Chini kabisa, Mjomba," mtoto alisema. "Mwalimu hataki nywele."

Mashine ilipopita juu ya sikio la kulia, ngozi iliachwa laini, kisha ikawa angavu, upana wa kifungo cha shati. Ndani kulikuwa na punje moja.

Kinyozi alizima mashine. Dada aliinama akatazama. Midomo ilimcheza, lakini hapakuwa na daktari wa kumfokea, wala mwenye nyumba, palikuwa na mtoto tu.

"Mnaangalia nini?"

"Hamna kitu, mwanangu."

Akavua kitambaa chake mwenyewe, akamfunga mtoto, akakaza fundo juu ya sikio.

"Haya, kimbia. Kengele imeshalia."