Maneno ya Eirlys kwenye Simu

Eirlys Prosser na mumewe Gethin walikuwa wakiuguzana. Gethin alikuwa dereva wa basi pale Tredegar, mji mdogo wa Wales, mpaka kiharusi kilipomlemaza upande wa kushoto. Eirlys naye baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole na kumla magoti. Ndiye aliyemnyanyua mumewe, akamwogesha na kumpeleka chooni. Gethin, kwa mkono wake mmoja mzima, alimfungulia mkewe makopo na kumfunga vifungo vya blauzi. Majirani walitania kwamba ukiwajumlisha wale wawili unapata mtu mzima mmoja.

"Na nusu!" Gethin alikuwa akijibu. "Mbona mnalisahau tumbo langu?"

Kisha serikali ikafuta malipo ya zamani ya wagonjwa, na kila mtu akatakiwa kuomba upya kwenye mfumo mpya. Asiyeomba angekatiwa. Jirani yao Nerys aliwajazia maombi kwenye kompyuta, kisha akamwonya Eirlys.

"Watakupigia simu, shoga. Usije ukajikaza! Sisi watu wa huku hata tukikata roho tunasema 'si mbaya'. Waambie ya siku ile iliyokushinda kabisa."

Simu ilikuja Jumanne mchana, mvua ikinyesha. Gethin alikuwa amelala sebuleni, ambako kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa kutoka ghorofani. Eirlys aliiweka simu juu ya meza ya jikoni na kufungulia spika, maana vidole vyake havikuweza kuishika kwa muda mrefu.

"Mama, hapa naona wewe ni mgonjwa," alisema afisa wa malipo, kijana mwenye sauti ya upole. "Tena naona unamwuguza mumeo. Unawezaje yote mawili?"

Eirlys alitaka kusema "si mbaya". Akakumbuka maneno ya Nerys.

"Siwezi," alisema. Lilipotoka hilo, mengine yakafuata kama maji ya bomba lililopasuka. "Namnyanyua kwa sababu hakuna mwingine. Akiniita kwenda choo, mwanangu, moyo unanizama. Kuna siku najifanya sijasikia. Kuna siku natamani asiniite kabisa."

"Pole sana, mama," kijana akasema.

Baada ya hapo Gethin akawa mtu asiye na usumbufu. Chai aliinywa mafunda mawili, kikombe akakisogeza. Kwenye supu alichovya mkate tu.

"Sina kiu, mke wangu. Na mvua yote hii, nani ana kiu?"

Miito ya choo ikapungua. Eirlys aliliona hilo, na hakuuliza. Moyoni alishukuru.

Jumamosi asubuhi alimkuta anawaka homa, akiweweseka. "Shukeni, shukeni! Ndio mwisho wa gari!" Eirlys alipiga simu, na gari la wagonjwa likaja kumchukua.

"Ana maambukizi ya njia ya mkojo," alisema muuguzi hospitalini. "Na mwili umekauka. Alikuwa anakunywa maji kweli?"

Eirlys alikumbuka vile vikombe vya chai vilivyosogezwa karibu vimejaa.

Akiwa bado kwenye korido, ujumbe uliingia kwenye simu yake: maombi yao yamekubaliwa. Pesa ingekuwa karibu sawa na ile ya zamani. Alijiona kama aliyemsengenya mumewe akalipwa.

Siku ya tatu Gethin alipata fahamu zake. Eirlys aliketi karibu na kitanda.

"Ulisikia," alisema.

"Kati ya jikoni na sebule ni ukuta wa karatasi, Eirlys."

"Yale niliyoyasema…"

"Yalikuwa uongo?"

Alitamani kusema ndiyo. "Hapana," alisema, akalia.

Gethin aliupapasa mkono wa mkewe uliopinda, taratibu asimwumize. "Basi usiyaombee msamaha. Niombe msamaha kwa kunificha. Mimi nimekaa na kiu kama ngamia mjinga, kumbe tungeweza kuomba mtu wa kutusaidia."

"Mwaka jana Nerys alitaka tuombe, mimi nikakataa. Niliona aibu."

"Haya, sasa aibu imetulaza hospitali."

Waliomba. Halmashauri ikampa Gethin msaidizi, mwanamke mnene mcheshi aitwaye Delyth, wa kuja kila asubuhi kumwogesha na kumvalisha.

Asubuhi ya kwanza Eirlys alizinduka jua limeshapanda. Hakuwa amelala hivyo tangu mumewe augue. Chini alisikia maji yakimwagika, na Gethin akicheka kwa nguvu mzaha ambao yeye hakuusikia. Magoti hayakumwuma. Alijifunika shuka hadi kidevuni, akaona haya jinsi kitanda kilivyokuwa kitamu, na hakuinuka.