Vipande Visivyo na Mpira

Diski ya kompyuta ilianza kugonga Jumanne, na Kipa hakumwambia mtu mpaka Ijumaa.

Ilikuwa inagonga kidogo tu, kama mgeni anayebisha hodi kwa ukucha kwenye nyumba ya wakwe. Kipa aliiweka sikioni, akaizima, akaiwasha, akaifunga kwa taulo, akaifungua tena. Mtu aliyedaka mipira miaka ishirini na miwili huamini kila kitu kinapona ukikishika vizuri. Siku ya nne akanyoosha mikono, akampigia rafiki yake Katibu.

“Katibu, kile kitu kinakufa.”

“Kitu gani?”

“Mechi zetu.”

Upande wa pili kukawa kimya. Kumnyamazisha Katibu si kazi ndogo. Alikuwa beki wa kushoto enzi zao, na kazi ya ukatibu wa timu alipewa kwa sababu hakuna aliyeweza kumkatisha akianza kuongea.

Mambo yote ya timu yao ya mtaa yalikuwa ndani ya diski hiyo moja. Kanda za video zilipoanza kuota ukungu walizihamishia humo, kisha kanda zenyewe zikatupwa jalalani. Nakala ilibaki moja. Wote walilijua hilo na wote wakajifanya hawalijui, ndivyo tulivyo binadamu, hatujengi ukuta mpaka wa jirani uanguke.

Aliyezirekodi mechi hizo alikuwa marehemu mke wa Kipa. Timu nzima ilimwita Mama Kamera. Alikuwa akipanda juu ya kreti la soda pembeni mwa uwanja, kamera begani, jua lake mvua yake, na hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Marehemu hasemwi vibaya, lakini tuseme ukweli: kazi yenyewe hakuiweza sana. Mpira ukienda kulia, yeye yuko kushoto. Na kosa lake kubwa lilikuwa kusahau kuzima. Mapumziko yakifika aliishusha kamera kwenye nyasi, nayo ikaendelea kurekodi viatu, chupa za maji na soksi za refa hadi kipindi cha pili, na mechi ikiisha, hadi kanda iishe. Kanda zake hakuziandika tarehe wala matokeo. Aliandika “Siku ya mbuzi uwanjani.” Aliandika “Refa katoroka.” Wachezaji walimtania kwa hayo miaka yote, na Kipa, mume wake wa ndoa, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sasa hakuwa anacheka. Tangu mkewe afariki, miaka mitatu iliyopita, kila Jumapili asubuhi alikuwa anafungua kipande kimoja cha mapumziko. Kimoja tu, si viwili, kama mtu anayekula akiba ya mwisho huku akiogopa kutazama ndani ya gunia. Nyasi zikijaa kwenye skrini, yeye hufumba macho. Picha za mkewe anazo tele ukutani. Sauti yake hakuwa nayo kwingine kokote, kwa sababu aliyeshika kamera haonekani, lakini kamera ikiwa chini kwenye nyasi, husikika akipiga soga. Hakuna aliyejua habari hii. Mtu wa miaka sitini na saba anaanzaje kuwaambia wenzake kwamba kila Jumapili huwa anasikiliza nyasi?

Jumamosi wakaenda kwa Mama Nyaya. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kwenye mtaa wa wauza vifaa vya umeme, na nyaya zilining'inia kuanzia darini hadi usawa wa kofia, hivyo mteja mrefu kama Kipa alilazimika kuingia akiwa ameinama. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa kwenye nywele, bisibisi nyuma ya sikio.

“Karibuni wazee wangu. Leo tunazika au tunatibu?”

“Tunahamisha,” alisema Katibu, akafungua daftari. Alikuwa na orodha. Wachezaji wa zamani walikuwa wamechanga kwa simu usiku uleule wa Ijumaa, kila mmoja alichojaliwa, ili ijengwe mashine ya kukaa nyumbani kwa Kipa, ihifadhi mechi zote, na popote mtu alipo afungue simu yake atazame. Walioko mbali ndio waliochanga zaidi. Mchango huohuo ulitakiwa utoe na jezi mpya, maana wazee walikuwa wamepanga kucheza mechi moja ya kuagana na mpira kabla magoti hayajawaaga wao. Jezi Katibu alikuwa ameshazitangaza. Hadi rangi alikuwa ameitaja.

Mama Nyaya aliichomeka ile diski kwenye kompyuta yake, akasikia inavyogonga, akakunja uso.

“Hii haina siku nyingi. Leo leo tuanze kuinakili. Sasa, vitu vyenu vinakaribia terabaiti sita. Diski mpya nilizonazo ni za tera nne nne. Na siwafungii diski moja moja, kila diski lazima iwe na pacha wake, chochote kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Moja ikifa, mwenzake anabaki na kila kitu.”

“Kubwa zaidi huna?” aliuliza Kipa.

“Ninazo, zimetoka kwenye mashine zilizochoka. Nikikuuzia hizo utakuja kunililia hapa mwezi wa tatu. Kwa hiyo ni hivi: mkitaka kila kitu, diski nne. Diski nne zinataka kasha kubwa, lile la bati pale, na pawa ya maana ya kulisha umeme, na feni mbili, na mazabodi, ule ubao mkuu, yenye matundu ya kutosha ya kuzichomeka. Mkipunguza vitu vikafika tera tatu na nusu hivi, diski mbili na kisanduku hiki, basi.” Akakigonga kisanduku cheusi kilichokuwa juu ya meza, kidogo kama kopo la biskuti, kizuri, hakina hata sauti.

Katibu alikipenda palepale. Akakinyanyua, akakigeuza, akakipuliza vumbi ambalo halikuwepo.

“Hiki hapa. Diski mbili, na jezi zinabaki.”

“Na vitu vingine?” Kipa aliuliza.

“Vipi?”

“Hizo tera zinazozidi.”

“Tunakata, bwana! Tunabakiza mpira. Yale mapumziko, kamera iko chini, viatu vinapita, yote hayo takataka. Karibu nusu ya hii diski ni viatu vya watu!” Akamgeukia Mama Nyaya. “Shemeji yangu, mke wa huyu, Mungu amrehemu, alikuwa hajui kitufe cha kuzima kiko wapi.”

Kipa akacheka. Lilikuwa kosa la mazoea, mdomo ulicheka kabla moyo haujaulizwa. Kisha akaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

“Tuchukue lile kubwa,” alisema.

“La nini?”

“Lina nafasi.”

“Nafasi ya kuweka nini?”

Kipa akatazama kasha la bati. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu na lilikuwa na jina la mtu ndani yake. “Huwezi kujua,” alisema. “Pengine baadaye.”

“Baadaye ipi? Kuna mechi tutacheza tena wewe na mimi? Wewe sasa hivi ukiinama kufunga kamba za viatu unaita wajukuu!” Katibu alicheka peke yake. Alipoona mwenzake hacheki akashusha sauti. “Mimi nimewaahidi watu jezi, ndugu yangu. Nikakae nao vipi? Nipe sababu moja tu, nami nitawaambia.”

Kipa alivuta waya mmoja uliokuwa unamgusa kichwani, akauachia, akauvuta tena. Mkewe alizoea kumwambia kwamba kumtoa neno ni kama kung'oa jino, na bora jino, lina ganzi yake.

“Basi ngoja nikuonyeshe,” alisema Katibu. “Mama, tufungulie kimoja. Chochote. Huyu aone mwenyewe tunachotaka kukinunulia diski mbili nzima.”

“Dakika moja tu,” alisema Mama Nyaya. “Tusiichoshe.”

Akateremsha orodha ya mafaili. Katibu akaweka kidole kwenye skrini bila kuchagua. “Hicho. ‘Upepo mwingi, tumefungwa.’ Peleka mbele, mapumziko.”

Kipa akalijua jina hilo mara moja. Hicho hakuwa amekifikia. Alitaka kusema hapana, hicho ni cha Jumapili fulani ambayo bado haijafika, lakini skrini ilikuwa imeshajaa nyasi.

Nyasi zililala kwa upepo. Kiatu kikapita. Chupa ikaanguka, mkono ukaiokota.

“Unaona?” alisema Katibu. “Dakika kumi na nne hizi.”

“Mbona leo umenuna?” ilisikika sauti ya mwanamke, kutoka mbali kidogo na kamera.

Kisha ikaja ya pili, karibu kabisa, nzito kidogo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. “Muulize yule wa golini. Katoka nyumbani hajagusa hata chai. Kisa? Nimemwambia shati lake limepauka.”

Kipa akashika ukingo wa meza.

“Nimembebea mayai mawili humu kwenye mkoba,” sauti iliendelea, “lakini simpi ng'o, mpaka aniombe msamaha.”

“Na asipoomba?”

Upepo ukavuma kwenye kamera, ukafunika kila kitu, ukapungua.

“Ataomba wapi yule, mdomo mzito kuliko magunia. Nitampa tu. Hawezi kudaka na njaa, mtoto wa watu.”

Wanawake wawili wakacheka ndani ya nyasi. Dukani hakucheka mtu. Katibu alikuwa amekiweka chini kile kisanduku cheusi bila kujua amekiweka saa ngapi.

“Nilikula,” alisema Kipa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Yale mayai. Alinifuata nyuma ya goli akanipa, nikala, nikamrudishia maganda. Sikumwomba msamaha, Katibu. Wala siku nyingine sikumwomba.” Akainama mpaka uso ukakaribia skrini, mzee mzima, ndani ya duka la watu. “Nisamehe, mama watoto.”

Mama Nyaya aliteremsha miwani kutoka kwenye nywele, akaivaa, akaivua tena. Alisubiri kadiri alivyoweza.

“Wazee wangu,” alisema taratibu, “niwafungie mbili au nne?”

“Nne,” alisema Katibu, macho hayatoki kwenye nyasi. “Na hebu nyamaza kidogo, mama, shemeji anaongea.”