Walioitika kwa Jina la Asani

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nimeona kidole kimoja kikivunja chawa bila shida, juu ya meza, kwa ukucha. Vilivyoshindwa mbele ya macho yangu ni vidole elfu nne. Vilipewa wimbo mmoja vishike, vikauvunja, halafu vikapiga makofi.

Hesabu yangu ni hii: watu mia nne, vidole kumi kila mmoja, ukumbi wa mtaa wetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, Jumapili ya mwezi wa sita mwaka 1972, saa tisa mchana. Siku hizi wanaodai kwamba walikuwapo wanakaribia elfu tano, lakini ukumbi ule haujawahi kupanuliwa.

Aliyeimba alikuwa mama yangu, Adija binti Nasoro, mshonaji, mtoto wa watu wa Maniema. Alikuwa akiitwa kwenye harusi za Waislamu na za Wakatoliki vilevile, akiimba nyimbo za wengine. Mwaka ule alikuwa na wimbo wake mwenyewe, mmoja tu.

Ulitoka kwa kaka yake. Mjomba Asani alikuwa akifanya kazi chini ya ardhi, mgodini. Zamu ikipanda juu, kapita, msimamizi wao, husimama mdomoni mwa shimo na karatasi yake, huita majina, na kila mtu hujibu "Niko," kisha huenda kuoga. Siku moja kapita aliita "Asani" mara tatu. Mwenzake Mumba ndiye aliyekuja kutueleza, kofia mkononi, akiirudia hadithi ile ya majina kana kwamba ndani yake kuna kosa ambalo mama angeweza kulisahihisha.

Mama hakusahihisha kitu. Aliyachukua majina kama yalivyo. Katika wimbo wake anaita yeye, na wapiga muziki wanajibu. Mumba? Niko. Kasonde? Niko. Musonda? Niko. Asani? Hapo hajibu mtu. Gitaa linanyamaa, ngoma inanyamaa, yanapita mapigo manane, kisha mama anaanza tena kwa Mumba, polepole zaidi. Hakuna kingine. Mapigo manane yale ndiyo yaliyokuwa wimbo, na maneno yalikuwa kuta za kuyazunguka.

Nayajua kwa sababu mazoezi yalifanyika uani kwetu. Liévin alipiga gitaa akiwa amekaa kwenye kreti ya bia, na mama alipofika kwa Asani, Liévin alikuwa akihesabu kimya kwa mguu wa kulia, kisigino kikigonga udongo. Mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuhesabu pamoja naye.

Lakini ule ulikuwa wakati ambapo nchi nzima ilifundishwa kuitika. Shuleni mbele ya bendera, kazini kabla ya kazi, mmoja anaita na wote wanajibu, na anayechelewa kujibu anatazamwa. Mtu akizoezwa hivyo, hasubiri tena kusikia ameulizwa nini. Akiona nafasi, anaijaza.

Mama alipoita Mumba, ukumbi ulipenda. Kwa Kasonde walikuwa tayari wanajibu pamoja na wapiga muziki. Kwa Musonda miguu ilikuwa inapiga sakafu. Kisha akaita Asani, na watu mia nne wakaitika "Niko!" hadi mabati yakatetemeka. Wakacheka. Wakacheza. Wakaita jina wao wenyewe na kujijibu wenyewe, mara kumi, mara ishirini. Mama alisimama pale mdomo wazi. Kisha akaiweka maikrofoni juu ya kiti, akashuka, na hakuimba tena kwa miaka saba, hata jikoni.

Mimi nilikua nikijua kwamba siku ile walimuua mama.

Mwaka huu ukumbi umepakwa rangi mpya, na kamati ya mtaa ikaamua kufanya sherehe. Papa Liévin sasa ndiye mkuu wa kamati. Serikali ilimnyang'anya jina la ubatizo mwaka uleule wa onyesho, lakini mtaa haukusikia, anaitwa Liévin mpaka leo. Alikuja kwetu akiwa na maneno matamu. Alisema watu wanataka kusikia tena ule wimbo wa furaha. Ndivyo alivyouita. Mama ataimba, na kabla yake mimi nitasoma maandiko ya ukumbusho, maana katika barabara yetu ni mimi peke yangu msichana mwenye diploma ya serikali.

"Weye njo uko na diplôme," aliniambia. "Utatuandikia bintu bizuri. Ile Kiswahili yako ya bora, ile ya kwenda nayo mbinguni."

Nilikubali haraka mno, na mtu mwenye akili angeniogopa. Kiswahili bora nakiandika na nakifundisha darasa la tano. Kile cha Kamalondo natukania. Sioni aibu kwa chochote kati ya hivyo viwili.

Nilichukua daftari, nikapita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanakumbuka nini. Virginie, anayeuza makaa karibu na ukumbi, alinisikiliza kidogo, akaniambia nasema kama padri na huku ni Muislamu. Kisha akaniapia kwamba yeye ndiye wa kwanza kuitika.

"Mi njo nilianza," alisema. "Bengine balinifuata. Sauti ilinipotea siku tatu, nauza makala kwa vidole."

Nyumba ya tatu aliyeanza alikuwa kinyozi. Nyumba ya saba alikuwa marehemu mume wa mtu. Katika watu thelathini na mmoja niliowaandika, kumi na wanne walikuwa wa kwanza. Wote walikumbuka sauti zao. Walikumbuka jasho, bega la jirani, vumbi likitoka kwenye dari. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka mama alivaa nini. Walisema alicheza. Walisema alicheka mpaka machozi.

Clément, mwalimu mkuu wangu, aliniimbia kipande kizima, mkono juu, macho yamefumbwa. Mimi najua, na mke wake anajua, kwamba mwaka ule wote alikuwa anafundisha Mitwaba na hakukanyaga Lubumbashi hata kwa Krismasi. Nilimkumbusha. Alikasirika kikweli, kama mtu aliyeambiwa mtoto wake si wake.

"Nilikuwa pale," alisema. "Koo inakumbuka."

Nilimuuliza kila mmoja Asani ni nani. Wengine walisema ni jina tu la wimbo. Mmoja alisema ni mpenzi wa mwimbaji. Virginie alifikiri kidogo, akasema: "Asani ni sisi bote."

Niliandika jibu hilo, kalamu ikatoboa karatasi.

Mwisho nilimfuata Liévin mwenyewe, maana yeye alijua. Nilimuuliza mapigo manane ya kimya yalikwenda wapi. Alinitazama kwa huruma. Kimya gani? Walipanga hivyo tangu mwanzo, alisema, kwamba watu wajibu. Ndiyo maana wimbo ulipendwa. Nilimkumbusha kreti ya bia, ndoo, kisigino. Akasema nilikuwa mtoto, na watoto huota. Mtu huyu alihesabu kimya kile uani kwetu majuma sita.

Mama alipokubali kuimba, nilidhani ameshindwa kukataa. Alitoa kitenge cha kijani kutoka sandukuni, akakipiga pasi mara mbili. Nilikuwa na ushuhuda wa watu thelathini na mmoja ndani ya daftari langu. Yeye sikumuuliza. Nilijiona namlinda.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa kabla ya saa nane. Nilipanda jukwaani, nikasoma kurasa mbili. Niliwaambia Asani alikuwa nani, alikuwa na miaka mingapi, alifia wapi, kapita aliita mara ngapi. Niliwaambia kwamba wimbo wao wa furaha ni kilio, kwamba waliitika mahali pa maiti, na kwamba kwa miaka saba wamejisifu kwa hilo. Niliwataja wa kwanza wote kumi na wanne, mmoja baada ya mwingine. Walipoanza kunong'ona sikusubiri.

"Leo jina la Asani likiitwa," nilisoma, "fungeni midomo. Hamkuitwa ninyi."

Hakuna aliyepiga makofi. Liévin alinitazama kutoka kwenye kiti chake na gitaa mapajani, uso umekuwa majivu. Nilishuka, nikakaa mstari wa mbele, mahali palepale nilipokaa nikiwa mtoto.

Mama alipanda. Sauti yake ilikuwa imeshuka na kukwaruza, ilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani. Mumba? Wapiga muziki wawili wakajibu, niko. Kasonde? Niko. Musonda? Niko. Ukumbi ulikaa kama kanisa.

"Asani?"

Hajibu mtu. Watu mia nne walinyamaza, na katika kimya kile nikasikia kisigino cha Liévin kikigonga mbao. Kichwa chake kilikuwa kimesahau, mguu ulikumbuka. Moja, mbili, tatu. Nilihesabu naye. Kwa mapigo manane nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

La nane likapita. Mama alipaswa kurudi kwa Mumba. Hakurudi. Aliita tena Asani, akiangalia mlango wa nyuma, kichwa kimeinama upande mmoja kama anayesubiri mtu aliyechelewa uani. Mmoja alikohoa. Virginie alikuwa ameuziba mdomo wake kwa ncha ya kitenge. Mara ya tatu mama aliita bila kuimba, kwa sauti kavu, kama kapita. Kisha akageuka, akaniangalia kama mtu aliyefika kwake na kukuta kufuli limebadilishwa. Aliiweka maikrofoni kwenye kiti. Akashuka.

Kesho yake, baada ya shule, walikuja watatu: Liévin, Virginie na Clément. Mama alikuwa kwenye cherehani na hakusimamisha gurudumu. Liévin aliniita citoyenne, raia, kama wa ofisini, si mtoto wetu tena. Alisema nimewatukana wazazi wangu wote wa mtaa mbele ya wageni. Clément alisema shule haiwezi kukaa na mwalimu wa namna hii, na kwamba nitarudi ukumbini Jumapili kuomba radhi kwa mdomo uleule. Virginie hakunitukana, na hilo lilinikera zaidi. Alisema tu kwamba tangu jana akitaka kukumbuka siku ile, anasikia kimya, na nimrudishie siku yake.

Niliwaambia wamuulize mama nani alimkosea.

Gurudumu lilisimama.

"Habiba," mama alisema, "nani alikuambia balinikosea?"

Nilisema nilimwona. Nilimwona mdomo wazi, nilimwona akishuka, nilikaa naye miaka saba bila wimbo ndani ya nyumba.

"Mi niliita ndugu yangu," alisema. "Kapita aliita mara tatu, hakuna kitu. Mi niliita mara moja, na bantu mia nne bakanijibia. Nilishuka sababu nilikuwa nimepata. Muntu akishajibiwa, ataita tena nini?" Alikata uzi kwa meno. "Sasa ile sauti ilianza kunitoka mu masikio. Nilitaka kuisikia tena mara moja, moja tu. Weye ukabafunga kinywa. Umemuzika mara ya pili, na hii mara niko palepale naangalia. Lomba pardon, mutoto yangu. Kwa bao, na kwa mimi."

Liévin alitazama chini. Wote walingoja. Walikuwa wameniachia nafasi ya kuitika, na walijua jibu.

Basi niliwaambia jambo ambalo sikuliandika katika kurasa mbili. Siku ile ya mwaka 1972, katika ukumbi mzima, tuliojua mahali pa kimya tulikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa mtoto wa mstari wa mbele. Jina lilipoitwa, mtoto yule alipiga kelele "Niko" pamoja nao. Nakumbuka koo lilivyowaka. Nakumbuka lilikuwa jambo tamu. Mjomba Asani akifika kwetu, mama akiuliza nani yuko mlangoni, alikuwa akijibu "Niko" kwa sauti ndogo ya puani, kama anaomba nafasi ya kupita. Tangu siku ile nikiitafuta sauti hiyo naipata yangu, ya utoto, na nyuma yake sauti zao zote. Mama alijibiwa na mia nne. Mimi nilipoteza mmoja. Nilitaka apewe mapigo manane yake, bila mtu ndani.

Mama alilia. Nilimwona, na sikuhama mahali niliposimama.

Clément aliuliza kama hayo ndiyo maneno ya kusema Jumapili. Nikamjibu kwa Kiswahili cha Kamalondo, ili asiwepo wa kusema hakunielewa: sitalomba pardon. Kwao, hapana. Kwa mama, pia hapana. Shule wakaichukue.

Na hapa naandika kwa kile cha bora, kwa wasiokuwapo: siombi radhi.