Pumzi Tano

...na tena ananiita, Mama Mujinga, iko zamu yako, kama vile sijasikia, na mimi nimeshapiga magoti mbele ya hii sanamu ya plastiki, mtoto wa kukatwa kiunoni, ana kichwa na kifua tu, mdomo wazi, na mkono wangu uko hewani, haushuki, akina mama wa parokia wamenizunguka na karibu wote wanajua yaliyonipata, Lydie jirani yangu amembeba mtoto wangu Syntiche mgongoni ili niwe huru, huru ya nini sijui... "Mutoto akitoka mu maji, iko hewa njo inamukosa," anasema Adolphine, infirmière, muuguzi anayetufundisha, polepole, kama anayeeleza namna ya kusonga bukari, "mwenzako anatafuta motokari, weye unainua kidevu, unaziba pua, unapuliza mara tano, kisha unafinya kifua mara makumi tatu, pumzi mbili, unarudilia," na yote haya ningeyaweza, ni lile alilolisema kabla lililonisimamisha mkono, "ba mama, musimupindue kichwa chini, maji ya mu tumbo haina mambo, munapoteza wakati," alilisema na kuendelea, hakujua analisema kwa nani... wakati, ndiyo, tuliupoteza wote, Michée, mwanangu, alikuwa na miaka minne, maji yalikuwa yamekatika siku tatu pale Ruashi, mtaani kwetu, kwa hiyo yaliporudi nililijaza pipa la bluu mpaka juu, nikafurahi, nikaingia ndani kugeuza sombe, kisamvu chetu, jikoni, yeye akavuta kigoda changu mwenyewe, kile ninachokalia nikifua, nilipotoka niliona sandali moja chini na moja inaelea, nikapiga kelele, Osée, mdogo wa mume wangu, akaruka ukuta, akamtoa, akamshika miguu miwili kichwa chini kama kuku anayetoka sokoni, akamtikisa ili maji yatoke, "tosha maji, tosha maji," na mimi nikamfinya tumbo, mimi, kwa mikono hii, na maji yakatoka, na nilifurahi, Mungu wangu, niliyafurahia yale maji, kila yalipomwagika nilisema anarudi, kisha pikipiki, kisha kituo cha afya, na daktari akauliza tulifanya nini kabla ya kufika, nasi tukamweleza kwa fahari, akatazama chini, akamfunika shuka, na kwenye kilio, siku ya kumzika, Osée alimwambia kila aliyeingia, "tulimutosha maji yote, Mungu njo alipenda"... nikiligusa hili dude la plastiki, nikijua leo namna inavyofanywa, basi ninakubali kwamba ingewezekana, kwamba mtoto wangu alihitaji tu mdomo wangu na mdomo wangu ulikuwa pale ukipiga kelele, afadhali nisijue, afadhali niinuke niende... "Mama Mujinga," na nyuma huko msichana mmoja asiyenifahamu anacheka kidogo, si kosa lake, ni jina, tangu shule ya msingi, mwalimu akisoma orodha darasa zima lilipasuka, Mujinga, weye njo mujinga? na mimi nilicheka pamoja nao miaka yote, ila tangu pipa sicheki tena, maana naona walisema kweli, mjinga ni mimi, limeandikwa mpaka kwenye kitambulisho... lakini kwetu Kasai si hivyo, kwetu Mujinga ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzinga shingoni, kaku, mama wa baba yangu, ndiye aliyekizungusha na kukitoa, mara tatu kilikuwa kimezunguka, nilikuwa mweusi na kimya na mama tayari analia, kaku akaweka mdomo wake juu ya mdomo na pua yangu... subiri... akapuliza kidogo kidogo, "tulikupuliza sawa makala mu mbabula," alikuwa akisema huku tukimenya karanga kando ya jiko lake la mkaa, na mimi nikicheka kwa kufananishwa na makaa, nimekisikia kile kisa mara mia, nikidhani ananibembeleza kwa sababu ya jina, kumbe alikuwa ananieleza kazi, miaka thelathini na moja naitwa kwa hiyo kazi na siku ile mbele ya pipa sikuikumbuka... sikujua, ninalisema moyoni na linauma jinsi lilivyo, sikujua, nilimpenda na sikujua, Osée naye alimpenda, aliruka ukuta wenye vipande vya chupa, kiganja chake kina kovu mpaka leo, na Osée ana watoto watatu na pipa kama langu, lazima nimwambie, atalia, atanichukia labda, nitakaa naye alie, kuliko amshike mwingine miguu... Syntiche anakoroma mgongoni kwa Lydie, ninaisikia pumzi yake yenye mafua, inaingia, inatoka, na mkono wangu umeshuka, sijui saa ngapi, uko kwenye paji la uso la plastiki, baridi, "inua kidevu, vile, ziba pua," na ninainama, inanukia sabuni, Michée alinukia sombe na jua, ninafunika mdomo ule kwa mdomo wangu na ninapuliza, kidogo, kama makaa, na kifua kinapanda, ninakiona kwa pembeni ya jicho kinapanda, bila shida yoyote, kumbe kilikuwa kinapanda hivi tu, Michée, kilikuwa kinapanda hivi tu... "Moya," anahesabu Adolphine, "bado ine," na machozi yanaanguka kwenye plastiki, hakuna anayeyafuta, na mimi ninavuta hewa tena.